Kibuyu cha Bibi Maendeleo

Kwa miaka mingi niliamini, tena bila chembe ya shaka, kwamba Bibi Maendeleo wa kata yetu alikuwa anahifadhi sauti za wanaume ndani ya kibuyu.

Usicheke kwanza. Sikuwa peke yangu. Huku kwetu Old Moshi, kuanzia juu msituni mpaka chini kwenye lami, hapakuwa na mwanamume mwenye akili timamu aliyepita karibu na kile kibuyu bila kufunga mdomo. Habari yenyewe ilikuwa hivi: mwanamume akisimama mkutanoni kumpinga mmoja wa wasichana wa Bibi Maendeleo, sauti inamchomoka kooni kama kizibo, inapaa juu ya vichwa vya watu, inaingia kibuyuni, na Bibi anaziba kwa gunzi la mahindi. Basi, umekwisha. Wengine walisema sauti hizo zinavushwa Holili usiku kwenda Kenya, ambako kuna redio inazinunua. Nilipouliza redio itafanya nini na sauti za wachimba mifereji, nilijibiwa, "Wewe fundi, unadhani wale watangazaji wanatoa wapi sauti nzito namna ile?" Nikaona hoja ina uzito.

Isitoshe, nilikuwa na ushahidi wangu binafsi. Nilikuwa fundi wa pikipiki, na banda langu la mabati lilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na ofisi ya kata. Siku moja Bibi aliniachia pikipiki yake niikaze mnyororo, kibuyu kikiwa kimefungwa nyuma kwa mpira, akaenda ofisini. Nikasubiri apotee. Nikaweka sikio. Humo ndani mlikuwa na watu. Nasema mlikuwa na watu: walinong'ona, walipumua, na mmoja akaguna vilevile kama mwenyekiti wetu wa zamani alivyokuwa akiguna akiulizwa swali. Niliruka nyuma nikaangusha kopo la oili.

Bibi aliporudi alinikuta namwaga mchanga juu ya oili.

"Fundi, mbona umepauka?"

"Njaa, Bibi."

"Jana ulikula nini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Alizaliwa wapi, baba yake nani, ukoo gani, sitasema kwa sababu sijui, na sijui kwa sababu kila aliyemuuliza habari zake aliulizwa jana alikula nini. Mpaka umalize kueleza habari za makande, umesahau ulichotaka kujua. Jina lake halisi lilikuwa kwenye barua za serikali, ambako aliandikwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Sisi tulimwita Bibi Maendeleo, kama akina mama wa kazi ile walivyoitwa kila mahali, na yeye aliitika hivyo hata kanisani.

Kwa sura alikuwa mrefu. Nyumba za huku kwetu milango yake ni mifupi, kwa hiyo kijiji kizima kilizoea kumuona akiwa ameinama, na wapo watoto waliokua wakidhani ndivyo alivyoumbwa. Alivaa gauni, chini ya gauni gambuti, juu ya gauni koti la mvua la mtumba kutoka Kiboriloni lenye maandishi ya kampuni ya samaki ya nchi gani sijui. Kichwani kilemba, na juu ya kilemba helmeti. Akija kwa mbali ungedhani ni jengo linasogea.

Wasichana wake aliwafundisha subira. "Subira, wanangu. Kijiji hakigeuki kwa kuvutwa shati." Akishasema hayo anapanda pikipiki na kuondoka kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Ile pikipiki ya mradi ilikuwa na kelele za kuwaamsha waliozikwa kabla ya Mjerumani, na kuku wa barabarani walikuwa wameshajua siku zake, Alhamisi hawakutoka. Ajabu ni kwamba mwanamke huyu, ambaye niliwahi kumuona akimwambia mkubwa mmoja wa wilaya "kaa chini, baba, msichana hajamaliza," na mkubwa akakaa, alikuwa anamuogopa bata mzinga. Kulikuwa na dume mmoja pale kwa mchungaji. Bibi akimuona anazima injini, ananipigia mluzi, na mimi navuka barabara kwenda kumfukuza yule ndege ili serikali ipite.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipowafungulia watu biashara. Maduka ya Moshi mjini, ambayo tulizoea kuyaona yana mwenye duka na kalenda tu, yalianza kujaa mpaka milangoni. Bei ya kahawa ikawa ya kukatisha tamaa, watu wakaanza kung'oa mikahawa iliyopandwa na babu zao. Vijana waliopunguzwa kazini viwandani walirudi vihambani, kwenye mashamba ya migomba ya ukoo, na redio kaseti na hasira. Kila mtu alikuwa anajitafutia, na kusema kweli ilikuwa raha. Hata mimi niliongeza bati moja kwenye banda. Lakini Bibi alikuwa na neno lake, "Ruksa ni nzuri kwa mwenye miguu." Asiye na miguu, asiye na macho, mzee asiye na wa kumtuma dukani, mama mgonjwa ambaye majirani wameacha kuchota naye maji, hao ndio waliokuwa kazi yake. Na kazi hiyo hakutaka kuifanya mwenyewe. Alitaka ifanywe na wasichana.

Aliwakusanya wale waliomaliza shule na kukaa nyumbani wakisubiri kuposwa, akawaweka kwenye chumba cha shule ya Jumapili, akasema anawafundisha uongozi. Wazazi wakafurahi, wakadhani wanafundishwa kushona. Nilikuwa nawaona kutoka bandani kwangu, na nakuambia, chuo kama kile sijakiona tena.

Somo la kwanza lilikuwa majani. Huku mlimani ng'ombe hatembei; anakaa bandani, analetewa. Akina mama wanashuka mpaka tambarare, wanakata majani, wanapanda nayo kichwani mzigo mkubwa kuliko mbebaji. Basi kila msichana alipewa nyumba ambayo watu hawaitembelei, akaambiwa ambebee mwenye nyumba majani mpaka ng'ombe amzoee. Hakuna kuuliza matatizo, hakuna kuandika. Msichana mmoja alijaribu kujitetea.

"Bibi, mimi nimemaliza kidato cha nne."

"Hongera, mwanangu. Kamba ile pale."

Sheria yake ilikuwa moja: humsemei mtu ambaye hujambebea majani. Alisema ng'ombe akishakuzoea ndipo mwenye ng'ombe atakuambia ukweli. Jumamosi wasichana walizagaa mpaka kwa mabibi vizee wa kijiji kizima, wakawabebea majani, wakawasuka, wakawasomea Biblia. Mimi niliona ni huruma tu.

Somo la pili lilikuwa kusema. Hapo ndipo nilipokuwa naacha spana. Msichana aliwekewa mkungu wa ndizi kichwani, akaambiwa aeleze shida ya mtu wake kabla shingo haijachoka. Anayeanza na "Ndugu mgeni rasmi, itifaki ikiwa imezingatiwa" alirudishwa getini aanze kuingia upya, na mkungu wake. Wengine walipelekwa Kiboriloni siku ya soko, wakatakiwa kusikika na muuza vitunguu wa upande wa pili bila kupiga kelele. Na kila jambo walilisema mara mbili: kwa Kichagga, kwa bibi asiyejua Kiswahili, halafu kwa Kiswahili, kwa karani asiyetaka kusikiliza.

Na huyu aliyewafundisha wenzake kusema, yeye mwenyewe hakusema. Kwenye mikutano alikaa nyuma kabisa, magoti yakiwa karibu na kidevu kwa sababu ya urefu, kibuyu kikiwa miguuni. Watu walimuomba. "Bibi, tupe neno." Alikataa. "Mimi nina mshahara. Nikisema mimi mtasema serikali imesema, mtapiga makofi mkalale."

Mimi pia alinipata. "Fundi, injini unaifungua kama kabati, lakini gazeti linakushinda. Nenda shule." Nikamwambia nina kazi mchana. Akasema ndiyo maana Mungu akaweka jioni. Nikajiandikisha masomo ya jioni kule mjini, nikasoma na makonda, na wauguzi, na askari mmoja aliyekuwa akisinzia kwa nidhamu, na nikafaulu. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa maneno makubwa. Mteja akileta pikipiki namuuliza changamano lake ni lipi.

Sasa nikueleze habari ya Eliamani, maana hapo ndipo kibuyu kilipopata sifa yake yote.

Mfongo ni mfereji wa maji. Unaanzia juu kwenye banio, pale maji yanapokingwa mtoni, unashuka kihamba kwa kihamba, na kila nyumba ina zamu yake ya maji. Walioanza kuuchimba hatuwajui. Sheria yake tunaijua: anayechimba ndiye anayepata maji. Siku ya kusafisha mfongo, mzee wa mfongo anapiga pembe alfajiri, na kila nyumba inatoa mwanamume mmoja na jembe kwa ajili ya msaragambo, ile kazi ya pamoja. Hakuna kuitana kwa mdomo. Huo ulikuwa mwiko. Pembe ikiita imeita. Asiyekuja anatozwa mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, na akizidi kutokuja ananyang'anywa zamu. Wanawake hawakukanyaga kwenye banio wala kwenye kikao cha mfongo, kwa kuwa ilisemekana maji yangerudi mlimani.

Eliamani alikuwa kiziwi tangu utotoni. Mama yake alikuwa ameshafariki, aliishi peke yake mwisho wa mfongo na ng'ombe mmoja, migomba, na bustani ya mboga aliyokuwa akiipanga kama nywele zilizosukwa. Pembe inapigwa, Eliamani hatokei. Akatozwa mbege. Inapigwa tena, hatokei. Akatozwa tena. Wazee waliketi, wakamjadili kwa kutoitikia pembe, wakaandaa hukumu ya kumnyang'anya maji, na hakuna aliyeona ajabu. Sheria ilikuwa pembe.

Aliyeitaka zamu hiyo tulimwita Mangi Holili. Hakuwa mangi, yaani chifu, wa popote. Lilikuwa jina la utani, kwa vile alifanya biashara mpakani na alikuwa na mwendo wa kutawala. Alitaka kulima nyanya na hoho za kupeleka Kenya, na nyanya zinataka maji. Sauti yake sijui niielezeje. Akisalimia hapa, mtu wa Marangu anaitika. Alikuwa ameshaanza kupima mahali pa kitalu.

Msichana aliyepewa nyumba ya Eliamani aliitwa Aisia. Alikuwa mdogo wa umbo, na siku za mwanzo alikuwa akisema kidogo mno hata Bibi akamwambia, "Aisia, midomo nimeiona, sasa tuletee na sauti." Lakini alikuwa na shingo. Alibeba majani ya yule ng'ombe mvua zikaanza zikaisha. Taratibu akajifunza mikono ya Eliamani, maana alikuwa na mikono yake ya kusemea: vidole vikidondoka ni maji, viganja viwili vikibana titi lisiloonekana ni ng'ombe. Akaanza kuzungumza naye wakacheka, majirani wakashangaa kumbe Eliamani anacheka.

Siku ya kikao ikapangwa, juu kwenye banio kama kawaida. Asubuhi hiyo Bibi alikuja bandani akizungusha funguo kidoleni.

"Fundi, toa plagi."

"Bibi, plagi ni nzima."

"Najua. Itoe uiweke mfukoni."

Nikaitoa. Akatuma ujumbe kwa wazee wa mfongo: pikipiki imekufa, fundi anahangaika nayo, na sementi ya kukarabati banio ana habari zake, kwa hiyo watamsamehe, washuke wao hadi uwanja wa shule. Kwa ajili ya sementi wazee wa miaka ile wangeshuka mpaka Tanga. Wakashuka wakinung'unika, majembe mabegani. Na uwanja wa shule, ukiangalia vizuri, haukuwa na mwiko wowote.

Mabenchi yalitolewa madarasani. Benchi la mbele lilikaliwa na mabibi vizee wakiota jua na kanga zao, kama mabibi wanavyoota jua popote palipo na benchi. Sisi wanaume tulikaa pembeni. Bibi Maendeleo nyuma. Kibuyu miguuni. Nakuhakikishia hapakuwa na jicho la mwanamume lililotoka kwenye kile kibuyu.

Aisia akasimama, Eliamani akiwa kando yake na shati lililopigwa pasi. Mzee wa mfongo, ambaye kwa heshima tulimwita Meku, alikohoa kwa muda, akatazama huku na huku kama anayetafuta mwiko, asiupate.

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Naomba kuuliza."

"Uliza. Hapa siyo mfongoni."

"Kule juu kwenye banio, magugu anang'oa nani?"

Meku akafikiri. "Mwaka huu magugu hayakuota."

"Na tope?"

"Tope nalo limepungua. Maji yamekuwa na adabu."

Watu wakacheka kidogo. Aisia hakucheka.

"Hujawahi kukuta alama za jembe?"

"Nimezikuta," Meku akakubali. "Nilidhani ni watu wa ng'ambo ya mto wanatuibia maji."

"Meku, mwizi wa maji anakuja kukusafishia mfongo?"

Hapo uwanja ulicheka, hata Meku. Aisia akasubiri watulie, kama mtu mwenye mkungu kichwani anayejua shingo yake bado inaweza.

"Mimi banio sijalifikia, nimeheshimu. Lakini nakata majani alfajiri. Kila alfajiri namuona huyu kaka anapanda na jembe, na namuona akishuka ana tope mpaka magotini. Siku ya pembe yuko huko, ameshamaliza kabla ninyi hamjaamka, ameshashuka. Siku isiyo ya pembe yuko huko. Ninyi mnasikia pembe, mnajua siku. Yeye hajui siku ni ipi. Kwa hiyo anakwenda zote."

Aisia akamgeukia Eliamani, akafanya mikono. Eliamani akaweka ngumi mdomoni kama anayepuliza pembe, akakunjua vidole, kukawa hakuna kitu. Halafu akanyoosha viganja vyake mbele, vikaonekana na wote.

Mangi Holili akasimama. Alivuta pumzi, koti likajaa. Tukajishika kwenye mabenchi.

"Ndugu—"

Na hapo, mbele ya macho yangu, sauti ikakatika. Mdomo uko wazi, sauti hakuna. Alitazama mbele, akafunga mdomo, akaufungua tena, akavua kofia, akakaa. Mtu ambaye sauti yake ilikuwa inavuka mto. Mimi nilitazama kibuyu, na naapa gunzi lilitikisika.

Sikuogopa. Au niliogopa, lakini shule ya jioni ilinisukuma. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kumuunga mkono Eliamani, yenye "mustakabali" na "kwa mujibu wa" na neno moja la Kilatini la askari yule msinziaji. Nikasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, kwa mujibu wa mustakabali wa..."

Ikaondoka. Niliisikia ikitoka kooni. Nikabaki nimesimama katikati ya uwanja, plagi mfukoni, mdomo wazi kama ndoo, mpaka Meku akasema taratibu, "Kaa, fundi." Nikakaa nimejishika shingo.

Meku alishauriana na wazee wenzake kwa macho tu. Kisha akasema pembe itaendelea kupigwa kama zamani, lakini kuanzia sasa pamoja nayo kitapandishwa kitu cha kuonekana, na zamu ya Eliamani inabaki ilipo, na zile mbege alizotozwa watazungumza. Bibi mmoja wa benchi la mbele akafungua kanga nyekundu kichwani mwake, akaitoa. Ndiyo iliyofungwa kwenye mti mrefu juu ya kilima siku za msaragambo. Eliamani akiiona anapanda na wenzake, siku nyingine analala kama Mkristo mwingine yeyote. Wazee kadhaa ambao masikio yao yalikuwa yameanza kuwatoroka, na walikuwa wanaona aibu kusema, nao wakaanza kuangalia kanga.

Mkutano ulipofungwa sikusubiri. Nani angesubiri kibuyu kikifunguliwa? Wanaume wote tulitoka uwanjani kwa mwendo wa kwenda kuzima moto. Nilipogeuka kwa mbali niliwaona wasichana wakikipeleka kibuyu kwenye benchi la mabibi, nikasema moyoni, Mungu awasaidie vizee wa watu. Na Bibi alipokuja kurudishiwa plagi, nilikinyanyua kidogo kwa hila. Kilikuwa chepesi. Asubuhi, nilipokisogeza ili nitoe plagi, kilikuwa kizito. Hilo lilinisumbua usiku kucha, mpaka nikapata jibu la kisayansi: sauti ni hewa, na hewa hupunguza uzito, kama puto.

Kwa hiyo nikaeneza. Nani asingeeneza? Nilikuwa mwathirika mwenye cheti cha kidato cha nne. Wateja walitoka mpaka Himo kuja kutengeneza pikipiki ambazo hazikuharibika, waone koo langu.

Wale wasichana walitawanyika. Mmoja akawa anawasindikiza wagonjwa wasio na ndugu pale hospitali ya Mawenzi, akiwauliza wauguzi maswali mafupi. Mwingine alianzisha kikundi cha akina mama walioachwa peke yao na ugonjwa, wakafuga mbuzi wa maziwa, na majirani wakarudi kwanza kwa ajili ya maziwa, halafu kwa ajili yao. Aisia akawa mwenyekiti wa kijiji, wa kwanza kuvaa sketi. Kabla ya kugombea alipita akibeba majani.

Bibi Maendeleo alistaafu, akajenga chini kidogo karibu na barabara. Nilikwenda kumuona miaka ya karibuni, simu za mkononi zikiwa zimeshaingia na kila kijana ana sauti yake mfukoni. Nilimkuta barazani anapukuchua maharage, fimbo kando, gambuti zilezile miguuni. Uani walikuwa wanatembea bata mzinga wawili.

"Shikamoo, Bibi. Na hawa?"

"Marahaba, fundi. Aliniletea Aisia. Sasa wao ndio wananiogopa mimi. Jana ulikula nini?"

Nikamweleza. Akaita ndani, kikaletwa kibuyu. Kilekile, na gunzi lake. Nikasogeza kiti nyuma. Akazibua, akanimiminia kwenye kata ya kunywea. Mbege. Ilikuwa inachemka yenyewe kwa chachu, inanong'ona, inapumua, na ikaguna mara moja kama mwenyekiti wa zamani.

"Bibi," nikasema, "na sauti?"

"Sauti gani?"

Nikamsimulia yote, na Holili, na redio. Alicheka mpaka maharage yakamwagika.

"Habari hizo nilizisikia. Sikuzikanusha, maana mngejua ni mbege mngeimaliza ninyi. Ilikuwa ya mabibi. Huwezi kumtoa mama wa watu nyumbani akae juani mpaka mchana koo likiwa kavu."

"Mabibi walikuwa wanafanya nini pale?"

"Walikuwa wamekaa. Kabla ya kila mkutano wasichana walijua nani atapayuka, wakaenda kwa mama yake. Walikuwa wameshambebea majani, kwa hiyo hakukataa kuja."

"Na Mangi Holili?"

"Mama yake alikuwa benchi la mbele, ule mwisho wa kushoto. Yule na mama yake Eliamani walikata majani pamoja tangu usichana. Asubuhi ile alimwambia mwanawe, ukifungua mdomo leo juu ya mtoto wa mwenzangu, Krismasi usije kwangu."

Nikaelewa. Hakuna mwanamume wa huku awezaye kula Krismasi mahali pengine isipokuwa kwa mama yake. Afadhali akose nyanya, na hoho, na Kenya nzima. Na sisi sote siku ile tulikuwa tunaangalia kibuyu.

Nikanywa kata yote. Lakini bado kulikuwa na langu.

"Na mimi, Bibi? Mama yangu alikuwa ameshazikwa. Mimi nani aliniziba?"

Akaokota maharage machache yaliyokuwa yameangukia kwenye gambuti, akayarudisha kwenye ungo.

"Wewe hukuzibwa na mtu, fundi. Ulisimama Aisia akiwa ameshamaliza. Hakukuwa na kitu kilichobaki cha kusema."